Jirani asiye na cheti katika kituo cha familia

Kituo cha kusaidia familia mtaani kikitangaza tu kwamba kinahitaji watu wa kujitolea, hoja ileile huibuka: mambo ya watoto na nyumba zilizoyumba waachiwe wataalamu, majirani wenye muda wa ziada watafute kazi nyingine. Wanaosema hivyo si watu wa kubeza. Mtu asiye na mafunzo anaweza kukaa na mtoto mwenye alama za kipigo mwezi mzima asizione, au akaziona na kuanza kumhoji mtoto kwa namna itakayoharibu ushahidi baadaye. Anaweza kumpa mama aliyechoka ushauri uliomfaa yeye miaka 20 iliyopita. Na anaweza kuondoka bila kuaga, wakati mtoto ameshamzoea.

Utafiti nao haujawapa watetezi wa majirani ushindi wa wazi. Home-Start, mpango ulioanzishwa na Margaret Harrison mjini Leicester, Uingereza, mwaka 1973, hutuma wazazi waliojitolea kwenda kuzitembelea familia zenye watoto wadogo, kwa kawaida saa mbili hivi kwa wiki. Tathmini iliyotolewa nchini humo mwaka 2004 ilikuta kwamba akina mama waliotembelewa waliithamini huduma na hali zao zilipata nafuu. Lakini hata wale ambao hawakutembelewa walipata nafuu karibu ileile. Uholanzi, mpango huohuo ulipopimwa, akina mama walionekana kujiamini zaidi katika malezi. Anayetaka kubisha, wa upande wowote, atapata pa kushika.

Hata hivyo naona majirani wanahukumiwa kwa kipimo kisicho chao, kana kwamba wamekuja kufanya kazi ya mtaalamu kwa bei ya chini. Chukua jambo dogo kama bahasha. Familia iliyoelemewa huacha kufungua barua. Za mwenye nyumba, za shule, za hospitali, zote zinatiwa kwenye mfuko, na kadiri zinavyorundikana ndivyo kuzigusa kunavyozidi kutisha. Mama anafika kituoni, anaumwaga mfuko mezani, na yule aliyejitolea anavuta kiti akae naye upande mmoja wa meza. Wanafungua moja moja. Hii ya zamani, itupwe. Hii ina tarehe ya kesho, tupige simu sasa hivi. Hii ni risiti tu, wala haidai kitu. Mtoto yuko chini ya meza anachana bahasha tupu.

Afisa ustawi wa jamii angeweza kuifanya kazi hiyo, pengine vizuri zaidi. Ila kuna familia nyingine zinamsubiri nje, na mkononi ana faili. Hilo la faili ndilo zito. Mzazi anajua kwamba huyu anayemsaidia ndiye anayeweza kuandika ripoti itakayofanya watoto waondolewe nyumbani, kwa hiyo anachagua maneno. Anasema wanakula vizuri. Anasema baba yao yuko safarini. Mbele ya jirani asiye na mamlaka juu yake, ukweli hutoka mapema zaidi, na katika matatizo ya familia mapema ndiko kuliko na nafasi ya kuokoa kitu.

Ndiyo maana narudi kila mara kwenye takwimu za Sure Start, vituo vya familia vilivyoanza kufunguliwa England mwaka 1999 kwenye mitaa maskini. Taasisi ya Institute for Fiscal Studies iliwafuatilia watoto waliokulia jirani na vituo hivyo hadi mitihani wanayofanya wakiwa na miaka 16. Ripoti yake ya mwaka 2024 ilikuta alama zao zimepanda, lakini faida hiyo ilitokana na vituo vya awali, vilivyofunguliwa kati ya 1999 na 2003. Vilivyofuata havikuonyesha faida kama hiyo, ingawa kufikia 2010 idadi ya vituo ilikuwa imepita 3,000. Vile vya awali vilikuwa na fedha nyingi zaidi, wazazi walikuwa na sauti katika uendeshaji, na watumishi waliwafuata watu majumbani badala ya kungoja wagongewe mlango. Baadaye uendeshaji ukahamia serikali za mitaa na bajeti ya kila kituo ikapungua. Siwezi kudai kwamba ujirani peke yake ndio uliopandisha alama, kwa sababu fedha na ujirani vilikuja pamoja vikaondoka pamoja. Lakini anayesema kituo ni jengo na wataalamu tu ana swali la kujibu: mbona majengo yalipoongezeka faida haikuonekana tena?

Hoja moja ya upande wa pili inaniumiza kichwa kwelikweli, nayo ni ya siri. Jirani anaishi palepale, anapanga foleni moja na yule mama dukani. Neno moja likivuja, mama huyo harudi tena kituoni, na wenzake waliosikia hawaji kabisa. Vituo makini humchunguza mtu kwanza, rekodi zake za polisi zikiwemo, halafu havimpangii familia anayofahamiana nayo. Siku ya kwanza mzazi huambiwa mpaka uliopo: yatakayosemwa hapa yatabaki hapa, isipokuwa pale mtoto anapokuwa hatarini. Ni kweli, sharti hilo linapunguza ule uhuru wa kusema niliousifu. Naukubali upungufu huo, kwa kuwa bila sharti hilo anayebaki bila kinga ni mtoto.

Kwenye bajeti nasimama na wataalamu bila kusita. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba kazi ya kujitolea duniani inalingana na ya wafanyakazi wa muda wote milioni 109, na mkuu wa kituo anayebana matumizi ataiona tarakimu hiyo kama njia ya kupunguza watumishi. Mratibu wa watu wa kujitolea lazima alipwe mshahara, maana ndiye anayechuja, anayefundisha, na anayekaa na mtu aliyetoka kusikia jambo zito kabla hajaondoka nalo kwenda kwake. Kwa hiyo anayefikiria kujiandikisha aulize swali hili kabla hajajaza fomu: siku mtoto akinieleza jambo baya, nampigia nani? Akikosa kutajiwa jina na namba ya simu, asijiandikishe kwanza.