Taa ya shaba juu ya meza ya chakula

Hapa Copenhagen, Denmark, ukipanga nyumba unakabidhiwa dari tupu: ndoano na nyaya, taa unakuja nayo mwenyewe. Ndiyo maana watu huhama na taa zao, na ya bibi humfikia mjukuu. Zinazogombewa zaidi kwenye masoko ya mitumba ni zile za shaba nyekundu za miaka ya 1950 na 1960.

Nasema wazi, kwenye taa wametuzidi. Kwetu Dar es Salaam taa ya sebuleni ni moja, katikati ya dari, nyeupe pe, inamulika kuta na kabati huku mezani watu wanakula wamekunja nyuso. Huku taa inashushwa, inabaki kama sentimita 60 tu kutoka mezani. Mwanga unaangukia sahani na mikono ya waliokaa, na balbu yenyewe huioni.

Aliyelihangaikia sana jambo hili ni Poul Henningsen, mbunifu wa taa wa Denmark, aliyezaliwa 1894 na kukulia kwenye mwanga wa taa za mafuta. Ukali wa balbu ulimkera, na tangu miaka ya 1920 akawa anapanga vifuniko kwa tabaka ili mwanga ugonge kifuniko kwanza ndipo umfikie mtu. Taa yake ya 1958, PH Artichoke, aliyoitengenezea mgahawa wa Langelinie hapa Copenhagen, ina majani 72 ya shaba katika safu 12, yamepishana hata ukisimama wapi balbu haikuchomi macho. Na shaba inaupa mwanga wekundu fulani wa jioni ambao bati halina.

Kwa haki, Dar jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na jioni ilikuwa ya barazani, kwenye upepo. Desemba huku giza linaingia kabla ya saa kumi alasiri. Watu wakimbilie wapi kama si mezani? Lakini sasa wengi wetu tunaishi kwenye ghorofa zisizo na baraza, na ile taa nyeupe imebaki palepale.

Wala si lazima kununua ya Denmark, bei zake zinatisha. Mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, wanaweza kugonga kofia ya shaba, ukaweka balbu ya mwanga wa manjano. Ikifubaa, ndimu na majivu, kama sinia za bibi zetu. Mnaojenga, kabla dari halijafungwa, mwambieni fundi umeme atoe waya pale meza itakapokaa, si katikati ya chumba.