Shukeni chini ya daraja

Juzi asubuhi nimewakuta vijana wanapaka rangi kingo za daraja letu. Nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, mistari imenyooka kweli. Nimesimamisha pikipiki nikawasalimia. Kazi yao wanaifanya vizuri, sina neno nao. Kilichonikaa kooni ni kwamba wiki mbili kabla nilikuwa nimeshuka mtoni na mzee mmoja anayelima mchicha pale ukingoni, akanipeleka mpaka kwenye msingi wa nguzo ya kati. "Ingiza mkono, mwanangu," akaniambia. Nikainama nikauingiza. Ulizama chini ya zege mpaka kwenye kiwiko. Sehemu ile zege bado ni jeupe, halijaota ukungu, kwa sababu miaka yote lilifunikwa na udongo, na udongo huo umeshaondoka.

Mzee anasema mkaguzi alikuja. Alisimama juu, akapiga picha, akaandika, akapanda gari. Hakushuka.

Inaniuma, kwa sababu ugonjwa wa madaraja mengi uko huko chini. Maji ya mafuriko yakigonga nguzo hugeukia chini, yakazunguka na kuchota mchanga kwenye mguu wake. Mafuriko yakipungua, shimo hujifukia kwa tope laini, na anayeangalia kutoka juu anadhani pako salama. Ureno, tarehe 4 Machi 2001, nguzo ya daraja la Hintze Ribeiro ilianguka usiku. Basi na magari madogo yakatumbukia kwenye mto Douro, watu 59 wakafa. Kwa miaka mingi mchanga ulikuwa unachimbwa kwenye mto huo na sakafu yake ikashuka. Hapa kwetu malori ya mchanga yanapakia mita chache tu kutoka kwenye nguzo, mchana kweupe.

Najua nitajibiwa kwamba fedha hazitoshi. Sawa, nakubali, hazitoshi, na hazijawahi kutosha. Basi hapo ndipo tunapotakiwa kupanga foleni kwa akili. Daraja lenye nyufa za kutisha mjini, lenye njia nyingine mbili za kupita, linaweza kusubiri mwaka. Kalavati dogo kwenye barabara pekee inayompeleka mjamzito kituo cha afya halisubiri. Kabla ya kugawa shilingi ulizeni mambo mawili: hiki kina uwezekano gani wa kuondoka masika ijayo, na kikiondoka, nani atakwama na kwa siku ngapi? Swali la pili naona linasahaulika sana. Tunapanga kwa ukubwa wa daraja, kwa kelele za wakubwa, na kwa kile kinachoonekana kwenye picha.

Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga. Mabasi na malori yalilala njiani kwa siku kadhaa. Ukitaka kuzunguka, ni Masasi, Tunduru, Songea, mpaka utokee Makambako. Nani anamudu mzunguko huo akiwa na mgonjwa, au na samaki kwenye lori? Vivuko vya barabara ya namna hiyo, yaani madaraja na makalavati yake, hata kile kidogo kabisa, vilipaswa kuwa juu ya orodha ya nchi nzima, kwa sababu kimoja tu kikiondoka kusini yote inabaki kisiwa.

Na kukagua peke yake hakutoshi. Pittsburgh, Marekani, daraja la Fern Hollow lilikaguliwa mara kwa mara, na tangu 2011 lilikuwa limeandikwa kuwa hali yake ni mbaya. Wakaguzi waliandika kwamba mifereji ya maji imeziba, kwamba miguu ya chuma inaliwa na kutu. Tarehe 28 Januari 2022 likaanguka na basi likiwa juu yake. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Kuzibua mfereji ni koleo na vibarua wawili! Ndiyo maana kila ripoti ya ukaguzi ingetakiwa kuwa na jina la atakayefanya kazi na tarehe ya kuimaliza, kisha ibandikwe ofisi ya kijiji tuisome sote.



Kwa daraja letu siombi jipya. Naomba gabioni, zile nyavu zilizojazwa mawe, zipangwe kuzunguka msingi wakati huu mto umekauka na mtu anaweza kufanya kazi akiwa amesimama mchangani. Mzee ana kipimo chake. Kabla ya masika alichora mstari kwa msumari kwenye nguzo, pale udongo ulipoishia. Nilipoondoka nilisimama kando ya nguzo nikautazama: uko usawa wa kiuno changu. Vuli inaanza Oktoba, na watoto wa ng'ambo wanavuka hapo saa kumi na mbili na nusu kila asubuhi.