Nati za Tairi Hazitaki Ubabe

Wenye magari tukifika kwa fundi pancha tuna wimbo mmoja: "Kaza haswa, fundi, nasafiri." Fundi naye hataki lawama. Anashika bunduki ya upepo, anaibana nati mpaka inalia trrrr, anairudia tena kwa heshima ya safari, kisha anapanda juu ya wili spana na kuidunda kwa mguu. Mteja anatoa hela na kuondoka kwa amani. Kwa maoni yangu, huyo mteja kalipia tatizo.

Hofu ya tairi kuchomoka barabarani ni ya kweli, sibishi. Ila dawa yake ni kipimo, na sisi tumeweka misuli. Toyota ndogo ambazo wengi wetu tunaendesha, kina Corolla na Vitz, nati zake hukazwa kwa Newton mita 103. Kwa spana yenye mkono wa sentimita 30, hiyo ni kama kuukandamiza mwisho wa mkono huo kwa uzito wa kilo 35 hivi. Basi. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya spana hiyo kashafika mara mbili ya kinachotakiwa. Akichomeka bomba la mita moja ndiyo asimame, anakaribia mara saba. Stadi, ile bolti inayoshika nati, ni chuma, na chuma kikivutwa kupita kiasi hakirudi kilivyokuwa. Siku moja inakatika, na zilizobaki zinabeba mzigo wa mwenzao. Diski ya breki nayo inaweza kupinda, ukaanza kusikia usukani unatetemeka kila ukikanyaga breki na kumlaumu fundi wa breki bure.

Halafu kuna kufungua. Nati iliyokazwa kwa bunduki mpaka mwisho inamtaka mwenye bunduki. Sasa pancha ikupate Mikumi, kwenye kile kipande cha barabara kinachokatiza hifadhi, kompresa utaitoa wapi? Pale hutaki kukaa hata dakika kumi nje ya gari ukigombana na nati huku nyasi zinatikisika. Ndiyo maana nasema kila dereva, mama kwa baba, ajaribu nyumbani kwake kufungua nati za gari lake kwa spana iliyomo kwenye buti. Zikigoma uani, njiani zitakuwa rafiki?

Kufungua kwenyewe kuna utaratibu, na kosa la wengi ni kuwahi jeki. Egesha pahali tambarare na pagumu, handibreki juu, jiwe kwenye tairi la upande wa pili. Usilidharau jiwe: magari mengi handibreki hushika matairi ya nyuma tu, kwa hiyo ukiinua nyuma umeipunguza nguvu. Tairi likiwa bado limekanyaga ardhi, chomeka spana mpaka ishike nati yote, mkono wake uelekee kushoto kwako, ukandamize kuelekea chini. Hapo unatumia uzito wa mwili na mgongo unapona. Legeza kila nati kama nusu mzunguko tu, ndipo upige jeki. Tairi la spea lilaze chini ya gari wakati unafanya kazi. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi badala ya mguu wako.

Kurudisha ndiko kunakohitaji subira. Nati ianze kwa vidole, mizunguko kadhaa. Ikikataa vidole, irudishe nyuma uanze upya, kwa sababu spana haijui kama nyuzi, ile mistari ya kuzungukia ya nati na stadi, zimepishana. Itasukuma tu mpaka ziliwe. Upande wenye umbo la koni uangalie rimu. Ila rimu nyingine za aloi za Toyota zinatumia nati zenye washa (pete) bapa, hivyo ukinunua spoti rimu za mtumba uliza na nati zake. Na grisi kwenye stadi tuiache. Kipimo cha kiwandani kimewekwa kwa nyuzi kavu; ukizipaka mafuta, nguvu ileile ya mkono inaivuta stadi zaidi. Brashi ya waya inatosha.

Kaza kwa kurukaruka: nati tano, ruka moja kila mara, nati nne, msalaba. Ukizifuata kwa mduara, rimu inaweza kukaa upande. Shusha gari, malizia tairi likiwa chini.

Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ni ghali kwa mtu mmoja, nakubali, lakini gereji inayofunga matairi kutwa nzima haina kisingizio. Mimi siku hizi namwambia fundi aifikishe nati kwa bunduki taratibu, amalizie kwa mkono, bila kupanda. Kisha nikitoka Dar nasimama Chalinze kuzipitia tena, maana baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zinaweza kulegea kidogo, hasa kwenye rimu za aloi. Wapo mafundi wanaonuna nikiwasimamia hivyo. Wanune tu.