Kodi isiyopandishwa nayo hukata bajeti

Mwanasiasa akisema "sitapandisha kodi", watu humpigia makofi. Mimi huuliza kwanza: kodi yenyewe inatozwa kwa asilimia au kwa senti?

Hapa Minnesota, Marekani, ushuru wa petroli ulibaki senti 20 kwa galoni kuanzia 1988 hadi 2008. Kwa miaka yote hiyo lami, chuma, saruji na mishahara ya mafundi vilipanda, na senti zilezile zikawa zinatengeneza kipande kifupi zaidi cha barabara kila mwaka. Hakuna mbunge aliyepiga kura kupunguza fedha za barabara. Zilipungua zenyewe. Gavana Tim Pawlenty, Mrepublican, alikuwa ameshinda uchaguzi kwa ahadi ya kutoongeza kodi, na Mei 2007 alitumia kura ya turufu kuukataa mswada wa usafiri uliotaka kupandisha ushuru huo. Tarehe 1 Agosti mwaka uleule, jioni watu wakitoka kazini, daraja la barabara kuu ya I-35W jijini Minneapolis liliporomokea mto Mississippi. Watu 13 walikufa na 145 walijeruhiwa.

Tuseme haki lakini. Wachunguzi wa serikali ya shirikisho waligundua kwamba mabamba ya chuma yanayounganisha vyuma vya daraja yalikuwa membamba mno tangu lilipochorwa miaka ya 1960, na siku hiyo lilikuwa limebebeshwa pia mitambo na kokoto za ukarabati. Anayesema kura ya turufu ndiyo iliyoua anatia chumvi. Msiba ule uliwafanya tu watu waangalie hesabu ambayo walikuwa hawataki kuiangalia. Februari 2008 Bunge liliipangua kura nyingine ya turufu ya Pawlenty, Warepublican sita wa Baraza la Wawakilishi wakijiunga na Wademokrati (na chama chao hakikuwasamehe), ukapita mpango wa dola bilioni 6.6 kwa miaka kumi. Ushuru ukapanda kidogo kidogo hadi senti 28.5.

Barabara angalau zina kufuli. Katiba ya jimbo inaagiza kwamba ushuru wa petroli uende barabarani tu, na asilimia 95 ya mfuko wa fedha hizo igawanywe hivi: asilimia 62 kwa barabara kuu za jimbo, 29 kwa kaunti, 9 kwa miji. Huduma nyingi nyingine hazina kinga ya namna hiyo. Mwaka 2011 Gavana Mark Dayton alitaka kuziba nakisi ya dola bilioni 5 kwa kuwatoza zaidi wenye kipato cha juu, Bunge likagoma, na serikali ya jimbo ikafungwa kuanzia Julai 1 kwa siku 20. Mbuga zilifungwa, na hata ujenzi wa barabara ulisimama, kwa sababu kufuli huzuia fedha kuhamishwa lakini haitoi idhini ya kuzitumia. Suluhu ikawa kuchelewesha malipo ya shule na kukopa kwa dhamana ya fidia ambayo kampuni za tumbaku hulilipa jimbo. Shule zikageuzwa benki ya serikali. Mpaka leo naona ule ulikuwa woga.

Kwa hiyo niliunga mkono uamuzi wa 2023 wa kuufunganisha ushuru wa petroli na gharama za ujenzi, uwe unapanda wenyewe kidogo kila mwaka. Wakenya wanaijua njia nyingine: tozo ya matengenezo ya barabara ilikwama kwenye shilingi 18 kwa lita kwa miaka, halafu Julai 2024 ikarushwa hadi 25 kwa mkupuo, tena wananchi wakiwa barabarani wanaandamana. Hapa Minnesota, ile ada ya senti 50 kwa mizigo ya dola 100 au zaidi inayoletwa nyumbani, iliyoanza Julai 2024, naiona ndogo lakini ya haki. Magari ya usambazaji nayo yanakwangua lami.

Bajeti ijayo ya miaka miwili itawekwa mezani mwanzoni mwa 2027. Kwa maoni yangu, pendekezo la gavana lianze na matengenezo ya madaraja yaliyopo kabla ya kuongeza njia mpya za magari kwenye barabara kuu, na lionyeshe wazi magari ya umeme, ambayo hayapiti kwenye pampu, yatachangia kiasi gani. Kuhusu shule, ningependa sheria inayokataza kuchelewesha malipo yao ili kusawazisha hesabu za bajeti. Wagombea watakuja makanisani, misikitini na kwenye sherehe zetu kuomba kura. Waulizwe hayo ya barabara na ya shule kabla ya kupewa kipaza sauti.