Wazungu nao wanabomoa, tuache kujidharau

Kila nikirusha picha ya jengo la zamani la huku Berlin kwenye grupu lazima atokee mtu aandike "ona wenzetu wanavyotunza historia, sisi Bongo kazi yetu kubomoa". Hiyo kauli imenichosha jamani.

Chukueni Anhalter Bahnhof. Ilikuwa stesheni ya treni za kusini, Dresden, Vienna mpaka Roma huko, ilianza 1841 ikiwa ndogo, baadaye wakaijenga upya kabisa ikafunguliwa 1880, Kaizari Wilhelm I na kansela wake Bismarck wakiwepo. Ramani alichora Franz Schwechten, paa la chuma ni kazi ya injinia Heinrich Seidel, upana mita 60 hivi na katikati hamna nguzo hata moja! (Miaka minne tu baadaye, mtaa wa Wilhelmstraße, unafika kwa mguu kutoka hapo, ndo wakakaa ule mkutano wa kuigawana Afrika.)

Leo ukishuka kile kituo cha chini ya ardhi ambacho bado kina jina lilelile, ukipanda ngazi unakuta kipande cha mlango wa mbele. Matofali ya manjano, matao, na juu madirisha ya duara hayana kioo, unaona mawingu yanapita. Nyuma kuna uwanja wa mpira na ukumbi wa matamasha, Tempodrom, paa lake kama hema. Basi, imeisha hiyo.

Mtasema vita. Sawa, mabomu ya Februari 1945 yaliichakaza kweli, ila treni zilirudi, zikaendelea kuondoka hapo mpaka Mei 1952, sasa reli ilikuwa mikononi mwa Ujerumani Mashariki hata huku Berlin ya Magharibi, wakazihamishia Ostbahnhof upande wao na stesheni ikabaki haina kazi. Kuibomoa walianza 1959, vita imeisha miaka mingi, na hicho kipande chenyewe kimebaki kwa sababu wananchi walipiga kelele. Kwa hiyo aliyemalizia ni mtu na peni yake ofisini, kama kwetu tu.

Wanapotuzidi ni kwenye bango. Lipo pale, linasema bila kuficha kwamba kuanzia 1942 mpaka 1945 Wayahudi zaidi ya 9,600, wengi wao wazee, walipelekwa Theresienstadt, kambi ya Wanazi, kutoka stesheni hiyo, tena kwenye mabehewa ya daraja la tatu yaliyofungwa kwenye treni za kawaida, yaani abiria wengine wanakwenda zao safari kwenye treni hiyohiyo. Nilisoma nikakaa kimya.

Sasa njooni nyumbani. Reli ya Kati Wajerumani waliianza Dar 1905 ikafika Kigoma 1914, tuta wamechimba babu zetu, na stesheni ya Kigoma imesimama mpaka kesho, watu wanakata tiketi, akina mama wamekalia mizigo yao wanasubiri treni. Berlin wamebakiwa na kipande cha mlango, sisi tuna stesheni nzima inayofanya kazi! SGR, ile reli mpya ya umeme, naipenda sana, tangu ianze 2024 nikija likizo Dodoma naenda nayo, ila isiwe sababu ya kuziona zile za zamani takataka. Ningekuwa na sauti ningeanza na bango moja pale Kigoma, kwa Kiswahili, la hao waliochimba, ndo tuje kwenye kupaka rangi.