Uliza mbao ya juu ina milimita ngapi, mengine baadaye

Ndugu yangu anamalizia nyumba, kaniletea sampo ya sakafu ya mbao, zile za tabaka za kiwandani, na muuzaji kashamwambia eti "hii ni milimita 15, utazeeka nayo". Nikakigeuza kile kipande nikaangalia ubavuni. Mwaloni wenyewe, ule anaoulipia, haufiki hata milimita 1, huko chini kote ni plaiwudi. Nikampigia muuzaji nimuulize tabaka la juu lina unene gani, akanijibu "bosi, yote hiyo ni mbao". Sawa, hata njiti ya kiberiti ni mbao.

Jamani sina ugomvi na plaiwudi, ndo inayofanya hizi sakafu zitulie, kila tabaka limelazwa kukatisha lenzake kwa hiyo unyevu ukipanda au ukishuka zinazuiana, hazijikunji kama mbao nzima. Lakini hakuna anayetembea juu ya plaiwudi! Viti vinaburutwa juu, mbwa anakimbia juu, mchanga wa viatu unasaga juu. Na mikwaruzo ikishazidi dawa ni moja tu, kupiga msasa na kupaka vanishi upya, na mashine ikipita inaondoka na nusu milimita hivi, wakati mwingine zaidi. Sasa piga hesabu mwenyewe. Tabaka la 0.6 huligusi, fundi akiwasha mashine tu plaiwudi inachungulia na hapo hamna cha kurekebisha, unang'oa. La milimita 2 utapiga mara moja, tena uombe fundi awe na mkono mwepesi. La 3 au 4 mara mbili, tatu. La 6 linashindana na mbao nzima kabisa, maana hata mbao nzima huwezi kuila yote, ukishafika kwenye lile jino zinapoungania basi, mchezo umeisha, kilichobaki chini ni cha kujisifia tu kwa wageni. Kwa hiyo huo wimbo wa "milimita 15" unapima kitu ambacho msasa hautakigusa maisha yako yote.

Alafu waranti. Miaka 25! Soma yale maandishi madogo, nyingi zinazungumzia vanishi kuchakaa, mikwaruzo haimo, mabonyeo hayamo, maji hayamo. Sijui imebaki nini.

Ugumu wa mti nao una maana, nakubali kwa shingo upande. Kwa kipimo cha Janka, kile cha ugumu wa mbao, namba ikiwa kubwa ndo ngumu zaidi, mwaloni mwekundu unapata kama 1290, wolnati ya Marekani 1010, hikori 1820, kwa hiyo ukidondosha sufuria utaona tofauti. Ila huo ugumu unazuia kubonyea, mikwaruzo midogo inazuiwa na vanishi, zile zenye aluminiamu oksaidi ni ngumu kweli kweli. Na kisigino chembamba cha kiatu kitaacha alama kwenye mti wowote, tusidanganyane.

Unyevu je? Pima zege kabla ya kulaza chochote. Mafundi wengi wanahesabu kama mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, yaani zege la sentimita 10 unalisubiri miezi minne, na bado unapima. Mwenye haraka atapata sakafu iliyotuna katikati na atamlaumu muuzaji, ambaye safari hii atakuwa hana kosa.

Haya, tabaka jembamba lina mahali pake. Chumba cha wageni, nyumba ya kupanga ambayo utahama, weka tu, hakuna anayecheza mpira humo. Ila sebuleni na koridoni usikubali chini ya milimita 3, na muuzaji akisema hajui, mwambie afungue katalogi, kampuni zinazojiamini zinaiandika hiyo namba. Isipoandikwa hiyo namba, mimi nahesabu ni ile ya 0.6.