Tausi wa Berlin, pimbi wa Saanane

Ukipata mgeni kutoka nyumbani hapa Berlin, ukataka kumtoa mjini kwa nusu siku, mpeleke Pfaueninsel, Kisiwa cha Tausi. Kiko ndani ya mto Havel, kusini-magharibi mwa jiji, hekta 67 tu, na hakina daraja. Mtanzania akisikia tausi hukumbuka Ikulu, na wale wanne ambao Rais Magufuli alimpa Rais Kenyatta mwaka 2019. Hapa wanatembea wenyewe kwenye majani, na ukikaa kimya watakupita karibu.

Panda treni ya S1 au S7 hadi Wannsee, kisha basi namba 218 hadi gatini. Tiketi ya kawaida ya jiji, ya kanda AB, inakufikisha hapo. Wengi hukosea mambo mawili. Kwanza, karibu na stesheni ya Wannsee kuna feri ya F10 inayopokea tiketi hiyohiyo ya basi, na mgeni hudhani ndiyo yenyewe. Siyo. Hiyo huenda Kladow, dakika 20 kuvuka, na kisiwani haigusi. Kivuko cha kisiwani ni cha wakfu unaotunza majumba na bustani za wafalme wa Prussia, kina nauli yake ya kwenda na kurudi, na tiketi ya mwezi haisaidii. Pili, basi 218 halipiti mara kwa mara. Soma saa za kurudi kabla hujavuka, la sivyo utarudi stesheni kwa miguu, mwendo wa saa nzima na ushei.

Kuvuka kwenyewe ni dakika mbili tatu. Baiskeli na mbwa haviingii, sigara ni marufuku, na moto wa kuchoma nyama usiuwazie kabisa. Chakula chukua cha kufungasha, na kula ukae kwenye uwanja wa majani uliotengwa, maana kwingine hutakiwi kutoka njiani. Kuzunguka kisiwa chote taratibu, na watoto, tenga saa mbili. Jumba jeupe utakaloliona kwanza lilijengwa kati ya 1794 na 1797. Linajifanya la mawe, lakini ni mbao zilizopakwa rangi. Anayetaka picha ya tausi aliyetandaza mkia aje Aprili hadi Juni. Mwishoni mwa kiangazi madume hupukutisha manyoya yale marefu, na mgeni wa Septemba huishia kuona ndege wa kawaida.

Sasa nyumbani. Nadhani wengi wetu tulio huku tunakisifu kisiwa hiki bila kujua kwamba Mwanza kuna ndugu yake. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane iko ndani ya Ziwa Victoria, si mtoni, lakini historia zao zinafanana mno. Kisiwa cha Tausi kiliwahi kuwa bustani ya wanyama wa mfalme, mpaka 1842 wanyama wale walipotolewa na kuwa mwanzo wa Zoo ya Berlin. Saanane ilianza 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini, ikawa pori la akiba 1991 na hifadhi ya taifa 2013. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 2.18, maji yakiwamo. Jina ni la Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyeishi hapo akahamishwa kupisha bustani. Kile cha Berlin kina jina la ndege wa mfalme. Chetu kina jina la mwenyeji, na jambo hilo watoto wetu wanaozaliwa huku wanastahili kuambiwa.

Kwa uzuri, Saanane haishindwi. Miamba yake ni jamii moja na lile jiwe la ufukweni Mwanza ambalo Wajerumani waliliachia jina la Bismarck. Pimbi wanaota jua juu yake, swala pala wako chini, na jiji zima unaliona ng'ambo. Tena nyumbani utapata askari wa kukuonyesha na kukujibu, wakati Berlin unasomeshwa na vibao.

Tunachopaswa kukionea wivu ni kivuko. Pale Havel mtu mmoja akisimama gatini peke yake anavushwa, kwa nauli ileile, kwa saa zilizobandikwa, na idadi ya abiria ikifika mwisho wengine wanangoja zamu bila ugomvi. Desturi ya boti ndogo kwetu ni kungoja watu wajae, kisha kuongeza wawili watatu. Ziwa limekwishatuonyesha gharama yake, ilipozama meli ya MV Bukoba 1996 na kivuko cha MV Nyerere 2018 karibu na kisiwa cha Ukara. Boti iliyozidisha watu hudidimia kidogo, ukingo unakaribia maji, na watu wakisogea upande mmoja kwa pamoja haina tena nguvu ya kujinyanyua. Kwa hiyo hata safari ya dakika kumi, hesabu watu, hesabu jaketi za kuokolea, vaa yako na uifunge kabla kamba haijafunguliwa. Zikipungua, shuka.

Bei nayo ni tofauti. Berlin hakuna bei ya raia na bei ya mgeni. Hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, zina kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, kwa shilingi, na cha wageni, kwa dola. Sioni kosa, maana hifadhi ni mali ya wananchi kwanza. Lakini mwenye watoto wa pasipoti ya Ujerumani ajiandae kuwalipia kama wageni, na yeye mwenyewe abebe pasipoti au kitambulisho cha taifa. Fedha taslimu hazipokelewi. Njoo na kadi au simu yenye salio.

Boti za Saanane hutokea Capri Point, jijini Mwanza. Nenda asubuhi, kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, kwa sababu miamba huteleza ikilowa. Na watoto waliozoea kuogelea ziwa la Wannsee uwaambie mapema kwamba Ziwa Victoria hawaingii: kuna kichocho, na mamba wapo.